Diwani Anatembea Tena

Tata wangu,

Mugonile? Najua kumuuliza marehemu kama amelala salama ni mzaha, lakini nikianza barua bila salamu ungenigombeza hata ukiwa huko, na kwa Kinyakyusa sina salamu nyingine. Sisi huku tumeamka. Mvua imenyesha wiki nzima, kakao haikauki, nyumba nzima inanuka uchachu, na Mama amemfokea kila mtu isipokuwa mbwa wako.

Hapo utashangaa. Nimekuandikia kwa sababu hiyo.

Unakumbuka ulivyomwita Diwani kwa sababu alikuwa akitembelea kata nzima, hasa saa za chakula? Baada ya kukuzika, Diwani aliacha ziara. Alijilaza kwenye kibaraza mbele ya mlango wa chumba chenu, na ukitaka kupita lazima umruke. Waombolezaji walipomwona hivyo walilia upya. "Tazama, hata mnyama ana uchungu," walisema, kisha wakamwekea ubwabwa. Akaja mwingine akamwekea usipa, vile vidagaa vya ziwani. Mwingine makoko ya ugali. Msiba wako, Tata, ulimnenepesha Diwani mpaka shingo ikapotea.

Sote tuliamini ni huzuni, hata mimi. Mama naye alikuwa vilevile. Alikaa kwenye kigoda jikoni, hakutoka nje ya uwanja hata kwenda kanisani, na ukimwambia twende shambani alisema magoti yanamuuma. Nyumba ilikuwa na wajane wawili, mmoja ana mkia.

Ila mimi ni fundi cherehani. Kutwa nzima nimekaa hapo kibarazani nashona, na huyo mbwa yuko miguuni pangu. Nikaanza kuona mambo. Asubuhi, hasa ikiwa mvua imenyesha, alitaka kuinuka akashindwa. Miguu ya mbele ilisimama, ya nyuma ikabaki chini, akajivuta kama mzee anayetafuta mkongojo. Akishatembea kidogo alikuwa afadhali. Mtaro wa mbele ya nyumba, ambao zamani aliuruka bila kuutazama, sasa aliukaribia, akaupima, akarudi. Na siku moja nilipomgusa nyonga alinigeukia na kuning'ata. Hakunitoboa, alinionya tu. Diwani, Tata! Mbwa aliyewaacha wajukuu zako wamvute masikio.

Nikamwambia Mama, huyu anaumwa. Kesho yake nikamkuta amekitumbukiza kidonge chake cha magoti ndani ya kipande cha samaki, anampa. Diwani akala kipande chote, akakitema kidonge mbele yake kikiwa kizima, akamtazama. Mama akasema, "Basi ufe na kiburi chako," akarudi kwenye kigoda.

Baba mdogo Gwakisa alipokuja Jumapili, Diwani alijaribu kumpokea akaanguka getini. Unamjua mdogo wako, hawezi kuona kitu kinateseka. Akatuita sebuleni, akavua kofia. Akasema, "Mbwa amemfuata kaka. Tusimtese. Kuna mtu namfahamu, atakuja mwisho wa wiki ammalize bila kelele." Macho yake yalikuwa mekundu. Hakusema kwa ukatili, nakuambia ukweli. Mama aliinamisha kichwa tu, na ilikuwa kama ameshakubali kwamba kila kitu chako kiondoke kimoja kimoja.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea baba mdogo. Nikaomba kwanza aonwe na daktari wa mifugo, na daktari akisema hakuna la kufanya, mimi mwenyewe nitamshika.

Wilayani ameletwa daktari mpya, dada mmoja wa Tanga anayeitwa Mwanaidi. Baba mdogo akauliza kama huyo atagusa mbwa. Nilimfikishia daktari swali hilo kwa aibu, akacheka. "Mwambie mzee nimesomea wanyama wote, na maji na sabuni hapa Kyela yapo tele." Akaja na pikipiki, matope hadi magotini. Akavaa glovu, akapiga magoti kibarazani, akakunja mguu mmoja baada ya mwingine polepole, huku akimwimbia kitu cha kwao cha kubembeleza. Alipofika kwenye nyonga Diwani akalia. Mama akasimama mlangoni.

"Huyu hana huzuni tu, bibi," daktari akamwambia Mama. "Ana maumivu. Viungo vimechakaa. Ile gegedu inayozuia mfupa usisage mfupa imelika, na hapa mmembebesha mafuta juu yake." Akaeleza kwamba ugonjwa huo wa uzee hauponi, lakini maumivu yanatulizwa, na mbwa anaweza kuishi vizuri tu. Halafu akauliza kama tumempa dawa zetu za binadamu. Mama akatazama paa. Nikaeleza habari ya samaki. Daktari akashusha pumzi. "Mshukuruni alivyotema. Kidonge kama hicho kinaweza kumtoboa tumbo au kumharibu figo. Mbwa ana dawa zake." Mama akamtazama Diwani kwa macho mapya, kama mtu aliyegundua kwamba mwenzake ana akili.

Dawa yenyewe ni ya maji. Iliagizwa Mbeya, na anapewa baada ya chakula kwa kibomba kisicho na sindano, kwa kadiri ya uzito. Sasa uzito utajulikanaje? Hapo ungefurahi, Tata. Baba mdogo, yule yule wa kummaliza bila kelele, alikwenda kuuleta mzani wa kakao. Tukamfunga Diwani kwenye kitenge chini ya tumbo, tukamtundika kwenye ndoano. Akaning'inia hapo, miguu minne hewani, uso wa kiongozi aliyefedheheshwa hadharani, na baba mdogo anasoma mshale kwa sauti nzito kama mnunuzi wa kakao anayetafuta kasoro. Majirani walijaa. Mtu mmoja akauliza kama ameshakauka vizuri.

Ikawa kazi. Ubwabwa wa makombo ukakatazwa, na majirani wakaambiwa. Nikamshonea godoro nene la mabaki ya vitambaa, maana sakafu ya saruji ilikuwa inamuumiza. Analalia sare za shule na magauni ya harusi za watu. Kucha zake zilikuwa ndefu mpaka zinamtelezesha, nikazikata. Baba mdogo akapigilia ubao mpana juu ya mtaro, akauwekea vijiti vya kukanyagia asiteleze. Asubuhi za mvua namkanda nyonga kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Siku chache za kwanza alinikunjia pua. Sasa akiniona na beseni anajilaza ubavu mwenyewe.

Lakini agizo gumu lilikuwa moja: atembezwe. Kidogo kidogo, kila siku, asubuhi na jioni, pasipo mawe, wala asikimbizwe. Daktari alisema kiungo kisichotumika hukakamaa. Mimi wakati ule nilikuwa na sare za kwaya za kushona na siku zilikuwa zimebana. Nikamwomba Mama. Akajibu lile jibu lake la siku zote, unalijua: "Mbwa wa baba yenu."

Jioni nikasikia kamba inaburuzwa. Nikachungulia. Mama amejifunga khanga ya pili, anamwambia Diwani, "Twende, mzee. Mpaka kwenye migomba tu. Usiniharakishe." Wakaenda hadi kwenye migomba, wakasimama wote wawili kupumzika, wakarudi. Mama akasema magoti yanamuuma. Kesho yake wakafika kwa jirani. Baadaye wakavuka barabara. Nikaanza kuwaona watu wakisimama kumsalimu Mama njiani, watu ambao hakuwa amewaona tangu mazishi, na yeye akawaeleza habari za gegedu kama aliyesomea. Alikuwa akirudi na habari za kijiji kizima, nani kaolewa, mpunga wa nani umeliwa na maji. Hata hivyo, Tata, alikuwa hajacheka. Alizungumza, alifoka, alikula. Kucheka, hapana.

Sasa sikiliza ya Jumamosi iliyopita.

Asubuhi hakukuwa na mvua. Mama aliingia ndani kuchukua kamba, akatoka, Diwani hayupo. Tukaita, kimya. Mama akaitupa kamba chini. Akasema wanyama wanajua siku yao, wanajitenga. Tukaenda kwanza kwenye kaburi lako nyuma ya migomba, maana kila mtu alidhani amekwenda kufia hapo. Hayupo. Tukaenda kwenye kakao, mpaka mwisho wa shamba. Hayupo. Basi tukashika njia ya kwenda Ipyana, Mama mbele, anatembea kwa kasi ambayo nilikuwa nimeisahau, magoti hayatajwi.

Pale njia panda pana mama mmoja, Mama Sekela, anayekaanga kitimoto. Unamjua. Nasema hivyo kwa sababu sasa sisi tunajua kwamba unamjua.

Diwani alikuwa ameketi kando ya kiti kitupu cha plastiki nyuma ya kibanda, amenyooka, anatazama kikaango. Mama Sekela alipotuona akafuta mikono, akatoa pole za msiba, kisha akasema kwa upole, bila kujua anachokivunja: "Nimefurahi kumwona tena. Mzee alikuwa haji bila yeye. Kila Jumamosi. Mzee robo kilo na ndizi za kuchoma, huyu mifupa yake."

Mama akauliza taratibu, "Robo ya nini?"

"Kitimoto, mama. Yenye mafuta mafuta, ndiyo aliyoipenda."

"Na chumvi?"

"Alikuwa akiongeza mwenyewe."

Tata! Miaka yote ya presha, Mama anakupikia maharage yasiyo na chumvi. Miaka yote anawaambia kina mama wa kanisani kwamba mumewe ni mtiifu, ale nini asile nini ni yeye anasema. Na wewe kila Jumamosi ulichukua panga ukasema unakwenda kukagua kakao, na mbwa wako nyuma.

Nilimtazama Mama nikaogopa. Uso ulikuwa umekaza. Akamtazama Mama Sekela, akakitazama kiti, akamtazama Diwani, na Diwani akatikisa mkia mara moja, kwa unyonge, kama mshtakiwa. Ndipo bega la Mama likaruka. Nikadhani analia. Akasema, "Kukagua kakao!" na kicheko kikamtoka, kile chake cha zamani cha kuinama na kujipiga mapaja. Alicheka hadi khanga ikafunguka. Alicheka hadi machozi yakaja, na yalipokuja aliyaacha yatiririke, akaendelea kucheka ndani yake. Mama Sekela akacheka bila kujua sababu. Mimi nilishika nguzo ya kibanda.

Halafu akaketi kwenye kiti chako, akaagiza robo. Diwani alipopeleka pua akamkatia kipande cha nyama tupu, akakitoa mafuta yote kwa kidole, akampa. "Mmoja alinidanganya," akasema. "Wa pili simpi nafasi." Tulirudi polepole. Njiani alisimama mara kwa mara, akasema tena, "Kukagua kakao," na kuanza upya.

Sitakudanganya kwamba mbwa wako amekuwa kijana. Zipo asubuhi mbaya. Siku hizo tunafupisha njia, na nikimwona hana hamu ya kula namuita daktari kabla ya kumpa dawa, maana ametuonya kwamba hata dawa yake inaweza kuliumiza tumbo. Lakini anauvuka ubao wake, anawabwekea wapita njia, na juzi alikwenda mwenyewe kwa jirani saa ya chakula. Akarudishwa mikono mitupu. Ziara zimeanza tena.

Sasa nakuaga, Tata, kwa kuwa nasubiriwa. Nakuahidi jambo moja, na nimeshamwahidi baba mdogo pia. Siku maumivu yatakapoishinda dawa, sitamng'ang'ania kwa ajili yangu. Nitamwita Daktari Mwanaidi, nami nitampakata kichwa mpaka mwisho, na tutamlaza karibu na migomba. Nitalia, lakini nitafanya. Ila siku hiyo si leo. Leo jua limetoka, Mama amesimama barabarani na viatu vyake vya kanisani, Diwani ametangulia, na wote wawili wananigeukia kwa hasira kwamba nawachelewesha.

Ndaga fijo, asante sana kwa yote, na kwa huyu mbwa.

Mwanao,
Atupele