Mstari wa Pili wa Maktaba

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa kitengo ametuita asubuhi. Wakaguzi wanakuja chuoni Jumatatu ijayo na wanataka kuona mtandao wetu wote kwenye ukurasa mmoja. Nani anaweza kuchora? Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Ndivyo nilivyo, mkono wangu hutangulia kichwa.

Mchoro tulionao ni wa zamani — viboksi na mistari, kama ratiba ya shule. Mimi nataka wa aisometriki, ule ambao majengo yanasimama na kuonekana juu na ubavuni, kana kwamba unayatazama ukiwa kwenye paa la jirani. Programu ya kuchorea ninayo tangu mwaka jana. Sikuwahi kupata sababu ya kuifungua.

Shida ni moja: sijui kebo zinapita wapi. Miaka mitatu hapa na sijawahi kuingia darini! Anayejua ni Ngazi, fundi wetu wa nyaya. Tumempa jina hilo kwa sababu haonekani bila ngazi begani, nadhani hata msalani anakwenda nayo. Nikamfuata karakana, nikamwamkia, nikamweleza.

Akasema tupande wote wawili, anionyeshe kwa mkono, kwa siku mbili tutakuwa tumemaliza. Nikamwambia sina muda. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimevaa sketi mpya. Hakubisha. Akatoa daftari mfukoni mwa ovaroli, akanipa.

"Humo kuna kila kitu, binti. Ila lirudi, maana kichwa changu siku hizi kinavuja."

Jumatano, 5 Machi

Daftari la Ngazi ni kituko. Penseli, alama za vidole vyenye grisi, mishale, "hapa pana panya", "hapa usiguse". Kila kebo ameifuata kwa mkono mwanzo hadi mwisho na kuifunga uzi wa rangi, na rangi ameiandika pembeni. Nimecheka peke yangu. Nikampigia dada picha ya ukurasa mmoja, nikamtumia naye acheke. Hakucheka. Aliuliza, sasa yeye amekosea wapi?

Programu ni tamu. Gridi yake imelala mshazari, ukivuta seva inajipachika yenyewe mahali pake. Jengo la utawala nimelipa rangi ya samawati, ghorofa tatu, paa nimelifunua ili swichi za mtandao zionekane ndani. Kutoka chumba cha seva kuna kebo mbili zinazoingia humo. Moja ya kazi, moja ya akiba. Ya kwanza ikikatika, ya pili inashika. Mistari miwili sambamba, inametameta.

Jioni nimeendelea nyumbani. Dada akaacha cherehani yake akaja kuchungulia. Akauliza keki hizi za harusi ya nani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza! Upande wa kulia ulibaki maktaba. Kuchora jengo upya ni kazi, nikanakili lile la utawala, nikaligeuza, nikalipaka kijani. Likakaa sawasawa. Kushoto utawala, kulia maktaba, katikati chumba cha seva.

Mchana nikalinganisha na daftari. Nimenakili jengo pamoja na kebo zake mbili. Maktaba ina moja. Ngazi ameandika kwa herufi kubwa, MOJA TU, na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Nikaifuta ile ya pili. Mchoro ukalemaa upande wa kulia, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Nikairudisha. Nikaifuta tena. Nikairudisha.

Nimeiacha. Kebo ya pili ya maktaba ipo kwenye mpango wa mwakani, kwa hiyo si uongo kabisa. Wakaguzi hawatahesabu mistari. Nitairekebisha wakishaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Sifa! Mchoro umeprintiwa mkubwa, umebandikwa ukutani ukumbini. Mkaguzi mmoja ameupiga picha kwa simu. Mkuu ametamka mbele ya watu kwamba mwezi ujao tutahitaji msimamizi wa mtandao, na hatuhitaji kwenda mbali kumtafuta. Kichwa kimenivimba, nisidanganye.

Halafu akatoa agizo. Kuanzia leo hakuna kugusa kebo bila kuangalia mchoro kwanza, mambo ya madaftari yamekwisha. Alisema hivyo akimtazama Ngazi. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Ngazi alikuja baadaye kuomba nakala yake. Nikamprintia ndogo, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Nilitaka kumwambia kuhusu ule mstari. Ulikuwa mdomoni kabisa. Lakini Mkuu alikuwa amesimama pale pale, bado anatabasamu, nikaumeza. Nitamwambia kesho.

Daftari hakuliulizia. Liko kwenye droo yangu.

Jumanne, 18 Machi

Sikumwambia kesho yake. Wala siku iliyofuata.

Leo saa nne wanafunzi arobaini na sita walikuwa wanafanya mtihani kwenye kompyuta za maktaba. Saa nne na dakika ishirini zikaganda zote. Dakika hamsini. Wengine majibu yao yamepotea kabisa, itabidi warudie. Nimemwona msichana amekaa barazani, amefunika uso kwa begi.

Ngazi alikuwa ameona kebo ya maktaba imetafunwa na panya. Akafuata agizo. Akaangalia karatasi yangu, akaona mistari miwili. Daftari halikuwa naye na kichwa chake hakiamini; akachomoa mmoja aubadilishe, akijua wa pili, popote unapopita, utashika.

Mkuu akamfokea mbele ya wanafunzi: unachomoaje kebo watu wakiwa kwenye mtihani? Ngazi akajibu kwa utaratibu tu.

"Mchoro unaonyesha ziko mbili, Mkuu."

Mkuu akasema kwanza mtihani uendelee, halafu atakwenda ukutani kuutazama huo mchoro.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumatano, 19 Machi

Niandike. Hakuna atakayesoma.

Jana, wao wakiwa bado maktaba, nilikimbilia mezani kwangu. Nikafungua faili. Nikaufuta mstari wa pili, nikahifadhi. Nikaprinti mchoro mkubwa mpya, nikaenda nao ukumbini, nikabandua ule wa zamani, nikabandika huu. Dakika kumi na mbili. Sikujua nina mbio hizo. Wa zamani nimeuchana vipande na kuuzika kwenye pipa la jikoni la ofisi, chini ya majani ya chai.

Mkuu alipofika nilikuwa nimesimama pembeni, nahema kwa pua. Akaufuata mstari kwa kidole kutoka seva hadi maktaba. Akanigeukia. Si mmoja huu?

Nikasema ndiyo, Mkuu. Mmoja.

Ngazi akasogea. Akatazama kwa muda mrefu sana. Nakala yake aliiacha darini pale alipokuwa akifanya kazi, na hakuomba kwenda kuichukua. Akavua kofia.

"Basi ni macho yangu," akasema.



Alhamisi, 20 Machi

Ngazi amepewa barua. Ajieleze kwa maandishi, mwisho Jumatano ijayo. Mkataba wake unaisha tarehe 31, na Mkuu amesema wazi: maelezo yasiporidhisha, hauongezwi. Miaka kumi na tisa yuko kwenye dari hizi.

Nimekutana naye kwenye korido. Nikamwamkia huku natazama viatu vyake. Akanituliza yeye mimi! Eti nisijisumbue moyo, mchoro wangu ni mzuri, yeye ndiye mtu wa zamani, hajazoea picha zilizolala upande. Ameomba ruhusa ya siku moja akapime macho.

Mtu mzima amekwenda kupima macho mazima kwa sababu yangu. Naona haya hata mbele ya karatasi hii.

Na ile picha ya mkaguzi. Iko kwenye simu ya mtu, mistari yote miwili.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemsimulia dada. Si yote. Nilimwambia ni rafiki yangu wa kazini aliyekosea, mwingine akabebeshwa. Dada alikuwa anapinda gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Mwambie huyo rafiki yako aende akaseme kabla hajaulizwa. Akishaulizwa haitakuwa tena kusema, itakuwa kukamatwa."

Akarudisha pini mdomoni, akaendelea na gauni. Anajua. Tangu utotoni rafiki zangu wabaya huwa ni mimi.

Jumapili, 23 Machi

Nimefua. Hata nguo safi nimezifua.

Jumatatu, 24 Machi

Mkuu ameniita ofisini. Nafasi ya usimamizi ni yangu kuanzia tarehe mosi. Nikashukuru. Nilijisikia nashukuru, kwa sauti nzuri kabisa, ya mtu mwenye adabu zake.

Nikiwa mlangoni akanirudisha. Kamati itamsikiliza Ngazi Alhamisi na ingependa kuona lile daftari lake, kama humo aliandika kebo moja au mbili. Ngazi anasema alinipa mimi. Ninalo?

Nikasema nitalitafuta.

Nitalitafuta! Liko droo ya pili, chini ya stepla, na ufunguo ninao shingoni pamoja na kitambulisho. Wakiliona wataona MOJA TU. Watamwuliza Ngazi: ulijua, umeandika mwenyewe, kwa nini ukachomoa? Atajibu alifuata mchoro. Na mchoro siku hizi unasema moja. Daftari likitoka bila mimi kusema neno, linammaliza yeye. Nimelifikiria hili mchana kutwa na kila nikiligeuza linarudi pale pale. Hakuna njia ya kumsaidia ambayo hainipitii mimi.

Nimekwenda karakana mara mbili. Mara ya kwanza nilirudia mlangoni. Mara ya pili nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, kipande cha kadibodi magotini, anajaribu kuchora kiboksi kama vyangu, cha kulala mshazari. Kimempinda. Akakifuta kwa kidole gumba, akaanza tena.

Nikarudi.

Jumanne, 25 Machi

Saa saba na nusu mchana. Wenzangu wamekwenda kula. Naandika haraka.

Ngazi amekuja. Ngazi yake ameiegemeza ukutani nje, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Amesema daktari amempima macho yote mawili na hayana neno. Kwa hiyo lazima ni kichwa. Kesho barua yake inatakiwa, ameshaandika mwanzo, lakini amekwama.

"Nataka unionyeshe nilipokosea kusoma, binti. Niandike pale pale nilipokosea. Sitaki kuandika uongo."

Kisha akatoa karatasi mfukoni. Ile niliyomprintia. Jana alipanda darini kumalizia kazi, akaikuta pale pale alipoiacha. Amesema hajaifungua tangu siku ile, anaionea aibu. Tuifungue pamoja, tuiweke kando ya kompyuta, nimwonyeshe kwa kidole. Akaiweka mezani. Akaitazama mikono yake — grisi tupu. Akasema ngoja kwanza akanawe.

Bafu liko mlango wa tatu. Nasikia bomba.

Nimefungua faili. Programu hii ina orodha ya matoleo yote ya mchoro, sikuwahi kuyajali. Hakuna inachosahau. Tarehe 18, saa nne na dakika hamsini na moja, kebo moja imefutwa. Pembeni jina langu, limeandikwa vizuri, na kapicha kangu ninakotabasamu. Mtu yeyote angeweza kulibofya. Hakuna aliyelibofya kwa sababu hakuna aliyenishuku.

Nimelirudisha toleo la Ijumaa ile. Liko kwenye skrini sasa. Utawala kushoto, maktaba kulia, mistari miwili huku na miwili huku. Na bado naona mchoro umependeza. Hata leo!

Naweza kulifunga. Kubofya mara moja tu, mstari unatoweka tena. Karatasi iko kushoto kwangu, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Mashine ya kusaga karatasi iko kulia, hatua mbili. Nitasema upepo. Nitasema sijui. Ataniamini, ameshaamini kwamba yeye mwenyewe haoni.

Ufunguo nimeuingiza kwenye droo. Sijauzungusha.

Bado ananawa. Anasugua kweli kweli, nasikia sabuni ikimponyoka na kugonga sinki. Ananawa hivyo ili asiichafue karatasi yangu.

Bomba limefungwa.