Reki ya Kukunja na Mwenyekiti Aliyebaki Mchangani

CHAMA CHA WAFANYAKAZI WA UWANJA WA GOFU

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOKAA STOO YA MASHINE, KISHA KIKAHAMIA KANDO YA SHIMO LA MCHANGA, JUMAMOSI TAREHE 14 MWEZI WA SITA

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti: mkuu wa wabeba mifuko ya fimbo. Ni mkwe wa Katibu, kwa uamuzi wa binti na si wa Katibu.
Mweka Hazina: Fundi Nyasi, dereva wa mashine ya kukata majani.
Mjumbe: mbeba mifuko anayeitwa Naunga Mkono, maana tangu achaguliwe hajasema jingine.
Mjumbe: Mpiga Reki, mama anayesawazisha mchanga wa mashimo yote. Ni mjane wa kaka yake Mwenyekiti.
Katibu: Bibi wa Chai, mwandishi wa kumbukumbu hizi.

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Mlinzi wa lango. Hakutoa udhuru. Wajumbe wote walimwona kupitia dirisha la stoo akinyolewa ndevu kwenye kiti chake cha kazi.

KUMB. NA. 1/06: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilitangazwa kuanza saa nane mchana. Kilianza saa tisa kasoro, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa nyuma ya stoo akijifunza kukunjua kitu alichokuja kutufundisha sisi kukikunjua. Alipoingia aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu wao. Hakuna aliyekuwa amemvumilia. Watu walikuwa wamekaa kwa sababu nje kulikuwa na jua.

KUMB. NA. 2/06: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma. Mwenyekiti aliomba kwamba pale palipoandikwa "Mwenyekiti alifoka" paandikwe "Mwenyekiti alisisitiza". Katibu alijibu kuwa siku ile alikuwepo, masikio yake yote mawili alikuja nayo, na alichokisikia kilikuwa kufoka. Mwenyekiti alisema katibu aliyepita alikuwa msomi na hakuandika maneno ya namna hiyo. Katibu alisema ni kweli, yeye aliishia darasa la nne, na huko darasa la nne alifundishwa kuandika kilichotokea. Pengine wanaanza kufundisha kufuta darasa la tano.

Neno lilibaki. Naunga Mkono aliunga mkono. Haikujulikana upande gani.

KUMB. NA. 3/06: REKI YA KUKUNJA

Mwenyekiti alieleza kwamba kazi ya mchanga inajulikana. Mchezaji akitumbukiza mpira mchangani huingia kuutoa, huacha nyayo, na nyayo zisiposawazishwa mpira wa anayefuata hunasa humo, ugomvi ukaanza. Mpaka leo kando ya kila shimo la mchanga ipo reki ndefu ya mti, na yupo Mpiga Reki anayezunguka kutwa kusawazisha. Sasa, alisema, mambo hayo yamepitwa na wakati.

Hapo akatoa mfukoni kitu cha plastiki, cha kijani, chenye meno mafupi, kinachokunjika katikati kama miwani. Nyuma kina mdomo wa mpira wa kuchomekea mpini wa fimbo ya gofu. Alisema hiyo ndiyo reki ya kukunja, kila mchezaji atatembea nayo kwenye mfuko wake na kujisawazishia mwenyewe.

Katibu aliuliza kama ni kitana.

Mwenyekiti alisema, "Mama, hii ni teknolojia."

Katibu alisema hajakataa, ila anauliza ya kichwa cha nani.

Mwenyekiti aliendelea, kwa sauti ambayo Katibu angeiandika ilivyo kama asingeogopa kurudia neno. Alisema Meneja wa klabu anataka kauli ya chama kwa maandishi jioni hii, kabla ya mashindano ya kesho. Chama kikikubali, reki ndefu zitarudishwa stoo na kazi ya Mpiga Reki itakoma.

Mpiga Reki aliuliza, "Nikishaacha mchanga, shemeji, nakwenda kufanya nini?"

Mwenyekiti: "Utapangiwa."

Mpiga Reki: "Wapi?"

Mwenyekiti: "Tutaangalia."

Mpiga Reki alisema tutaangalia haipikiki. Alimkumbusha Mwenyekiti kwamba watoto wanaokula kwa reki ile ni wa kaka yake wa tumbo moja, na kwamba siku ya mazishi alisimama mbele za watu akasema watoto hawa ni wangu. Tangu siku hiyo watoto hao hawajamwona na hata kalamu. Mwenyekiti alisema mambo ya nyumbani yasiletwe kikaoni. Katibu alitaka kujua kama koti nalo ni la nyumbani, maana uwanja mzima unajua Meneja amemwahidi koti lenye maandishi mgongoni, MSIMAMIZI WA VIFAA, reki hizi zikipita. Mwenyekiti alisema koti si hoja. Katibu aliliandika hivyo hivyo.

Ilipigwa kura. Mpiga Reki aliambiwa hapigi kwa sababu jambo linamhusu. Katibu hana kura katika katiba ya chama, ana kalamu tu. Naunga Mkono aliunga mkono. Fundi Nyasi, ambaye muda wote alikuwa akinoa kisu cha mashine yake, alinyoosha mkono bila kuinua kichwa. Baadaye alisema alidhani tunafunga kikao.

Azimio: Kazi ya Mpiga Reki imekoma. Reki ndefu zikusanywe na kufungiwa stoo, ufunguo akae nao Katibu.

Mwenyekiti aliagiza, "Mama, andika kuanzia dakika hii, isije kesho mtu akasema hakujua." Katibu aliandika: kuanzia dakika hii. Mpiga Reki na Naunga Mkono walizikusanya, stoo ikafungwa. Mpiga Reki alivua glavu zake za kazi, akazikunja, akazishika mkononi kama mtu aliyeambiwa asubiri na hakuambiwa anasubiri nini.

KUMB. NA. 4/06: MAJARIBIO

Katibu aliuliza kama kuna aliyewahi kuiona hiyo plastiki ikifanya kazi. Hakuna. Alimuuliza Mwenyekiti kama amewahi kupiga reki mchangani, japo mara moja.

Mwenyekiti alicheka. Alisema, "Mama, kuna nini cha kujifunza pale? Ni kukwaruza tu."

Mpiga Reki alisema, "Ukakwaruze basi, shemeji, tukuone."

Mwenyekiti alisema atakwaruza, na Katibu aandike kabisa: akiacha mchangani hata unyayo mmoja, azimio lililopitishwa lifutwe. Katibu aliandika. Alimsomea mara mbili ili asije akasema alisomewa haraka.

Kikao kilihamia shimo la mchanga lililo mbele ya baraza ya klabu, ambako Meneja na wageni wa mashindano walikuwa wanakunywa chai. Mwenyekiti alilichagua shimo hilo mwenyewe ili waone. Shimo lenyewe upande mmoja ni wa chini, mtu anaingia kama anavyovuka kizingiti. Upande wa pili ni ukuta unaomfika mtu kifuani, na juu yake Fundi Nyasi alikuwa amepanda majani mapya kwa ajili ya kesho.

Mwenyekiti aliingia kwa upande wa chini na viatu vyake vipana. Aliweka mpira, akaupiga. Mchanga uliruka ukamwingia Naunga Mkono mdomoni, mpira haukuruka. Alipiga tena. Wageni wa baraza waliweka vikombe chini. Mwishowe Mwenyekiti aliuokota mpira kwa mkono akautia mfukoni, akisema kilichokuwa kinajaribiwa si mpira. Naunga Mkono alitema mchanga akaunga mkono.

Kisha alichomeka ile reki kwenye fimbo akaanza kusawazisha. Alianzia upande wa chini alikoingilia, akawa anarudi kinyumenyume kuelekea ukutani.

Katibu anaomba ieleweke vizuri hapa. Yeyote aliyewahi kudeki chumba anajua kwamba unaanzia ukutani, unamalizia mlangoni, unatoka na ndoo yako. Mwenyekiti alianzia mlangoni. Katibu amekuwa mama mkwe wake miaka mingi, na siku hii ndiyo aliyopata ushahidi wa jambo ambalo binti yake amekuwa akimfichia aibu: bwana huyu hajawahi kushika tambara la kudekia tangu azaliwe.

Mpiga Reki aliliona mapema. Akaliacha lipite. Alikuwa amekoma kazi.

Jambo la pili ni fimbo. Reki ndefu ya mti inamfika mtu mabegani, unasawazisha umesimama wima. Fimbo ya gofu inaishia kiunoni, na kile kitana ni chembamba, kwa hiyo Mwenyekiti alilazimika kuinama kama anayetafuta sindano, akipita palepale tena na tena. Alipofika ukutani mchanga mbele yake ulikuwa umelala vizuri, Katibu hamnyimi hilo. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwenye kipande kisichozidi mkeka, ukuta mgongoni.

Mpiga Reki alisema kwa upole kwamba sasa ageuke, arudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, afute nyayo zake tena njia nzima.

Mwenyekiti aliinama aanze. Akatoa sauti ambayo Katibu hajui herufi zake. Kiuno kilikuwa kimekamata. Alijinyoosha kidogo kidogo akishikilia ukuta, akabaki wima kama mlingoti, na kuinama tena hakuweza.

KUMB. NA. 5/06: NAMNA YA KUMTOA MWENYEKITI

Jambo hili halikuwemo kwenye ajenda.

Mwenyekiti alisema kikao kiahirishwe. Katibu alijibu kwamba anayeahirisha kikao lazima awe na pa kwenda.

Mwenyekiti alipendekeza apandie ukutani. Fundi Nyasi, ambaye hajawahi kutoa hoja kikaoni tangu achaguliwe, alisimama akasema, "Gusa majani yangu uone." Pendekezo lilianguka.

Mwenyekiti alipendekeza Naunga Mkono aingie ambebe. Naunga Mkono alimtazama Mwenyekiti kuanzia juu hadi chini, hasa pale katikati, na kwa mara ya kwanza hakuunga mkono. Katibu aliongeza kwamba nyayo za atakayembeba Mwenyekiti zitahesabika ni za Mwenyekiti, na zitakuwa zimezama zaidi.

Fundi Nyasi alitoa taarifa kwamba mabomba ya kumwagilia hujifungua yenyewe saa kumi na moja, na moja liko juu ya ukuta ule, linatazama chini. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Barazani Meneja alikuwa amesimama ili aone vizuri, na Mwenyekiti hakutaka aone hata unyayo mmoja.

Hapo Mwenyekiti alilegeza sauti. Alisema, "Shemeji, kachukue ile reki ndefu, uje unifutie hapa nyuma yangu."

Mpiga Reki: "Unamwambia nani?"

Mwenyekiti: "Wewe, shemeji."

Mpiga Reki: "Mimi si wa hapa. Nilikoma kuanzia dakika ile. Bibi, si umeandika?"

Katibu alithibitisha kwamba ameandika, na kwamba ufunguo anao, na kwamba stoo ilifungwa kwa azimio na hawezi kuifungua kwa huruma.

Mwenyekiti alisema kwamba yeye ni ndugu yao, jamani, na anaumia. Mpiga Reki alimjibu, na Katibu anayaweka maneno yake kama yalivyotoka: "Nami naumia, shemeji. Ningekuja kwako mwezi ujao kukwambia watoto wa kaka yako hawajala, ungeniambia tutaangalia. Haya, sisi hapa tunaangalia."

Mwenyekiti alitazama bomba.

Alisema anapendekeza azimio la KUMB. NA. 3/06 lifutwe. Mpiga Reki alisema hilo peke yake halitoshi, kwa sababu likifutwa leo litarudi kesho likiwa limevaa koti. Alitaka iandikwe kwamba kazi ya mchanga haitajadiliwa tena na chama hiki bila yeye kupiga kura. Mwenyekiti alisema hilo linahitaji kutafakariwa. Bomba la shimo la jirani lilikohoa. Mwenyekiti alisema ametafakari.

Azimio: Azimio la kwanza limefutwa. Mpiga Reki yuko kazini, na suala la mchanga halitajadiliwa bila kura yake. Waliokubali ni wote, pamoja na Naunga Mkono, ambaye aliunga mkono akiwa bado anatafuna mchanga.

Katibu alitoa ufunguo. Mpiga Reki alivaa glavu zake, akaenda stoo, akarudi na reki ndefu begani bila kukimbia. Aliingia kwa upande wa chini, akavuka hadi ukutani, akampa Mwenyekiti bega. Akamgeuza. Walitoka pamoja, yeye ameshika reki kwa mkono mmoja akiivuta nyuma yao, na kila walipopita mchanga ulilala kana kwamba hakuna aliyewahi kukanyaga. Walipofika kwenye majani maji yalifunguka. Meneja alirudi kwenye chai yake na hakuuliza tena habari ya maandishi.

Kuhusu reki ya kukunja, iliazimiwa apewe Fundi Nyasi. Ameijaribu kukwangulia matope chini ya mashine na anasema inafaa kidogo.

KUMB. NA. 6/06: KUFUNGA KIKAO

Katibu aliwasomea wajumbe aliyoyaandika. Mwenyekiti alikuwa na rekebisho moja. Pale mwisho aliomba isiandikwe kwamba alitolewa mchangani, iandikwe kwamba alitoka.

Katibu alimwambia, "Sawa, mkwe wangu. Nenda kwenye mchanga ule unionyeshe unyayo wako mmoja tu wa kutokea, nitabadilisha."

Mwenyekiti alitazama. Haukuwepo. Alitolewa mchangani.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu.

Sahihi ya Mwenyekiti: imewekwa, karatasi ikiwa juu ya mgongo wa Naunga Mkono, kwa kuwa Mwenyekiti hakuweza kuinamia meza.

Sahihi ya Katibu: imewekwa, mezani.