Mtu wa Mlangoni

Jumatatu, 3 Novemba

Cheptoo ametuma picha. Si ya chakula, si ya nguo mpya — barakoa ya gesi! Nyeusi, macho mawili ya kioo, filta mbele kama mkebe wa maziwa ya unga. Serikali ya huko anakofanya kazi imegawia kila nyumba. Kuna nchi jirani inatishia kurusha makombora ya sumu.

Jina la nchi aliko sitaliandika hapa. Nikiliandika litakuwa kweli. Binti yangu anamtunza nyanya mmoja asiyetembea, ghorofa ya nne. Mkataba unaisha Februari.

Ameuliza: Mama, hii kitu inasaidia, ama ni ya kutuliza watu tu?

Ameniuliza mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na tisa kwenye stoo ya nafaka hapa Rongai, nikipiga mahindi na ngano dawa. Vidonge vyetu vikipata hewa vinatoa gesi isiyobagua fukusi na mtu. Na hakuna mtu wangu aliyewahi kuanguka. Hata mmoja! Basi nikajibu haraka, kwa kiburi: inasaidia, ukiivaa vizuri.

Halafu nikakaa. Kusema kweli, sijui.

Jumatano, 5 Novemba

Mzee Wanyoike ameleta mahindi yake. Alifundisha kemia Njoro mpaka akastaafu, nikaona nimuulize wakati magunia yanapimwa.

Afadhali ningenyamaza. Anasema barakoa inalinda macho na mapafu tu, na kuna sumu zinazopita kwenye ngozi. Anasema wanajeshi wanafunzwa miezi, raia anapewa boksi na karatasi. Anasema filta ni ya kukupa dakika chache utoke hapo, si ya kukaa nayo.

Nilimkasirikia, mzee wa watu. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto wangu yuko ghorofa ya nne na mtu asiyetembea. Atoke aende wapi?"

Alihesabu magunia yake mpaka la mwisho. Kisha: "Basi hizo dakika ndizo zake, Mama Cheptoo. Mfundishe asizipoteze."

Haya. Nitamfundisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempigia video saa ya chai. Nimemwambia: kizibo cha filta kiache hapo hapo. Filta ikishafunguliwa huanza kuisha nguvu, na yake ina tarehe ya kuisha mwezi ujao. Vaa, kaza mikanda, vuta pumzi. Ikikushika uso, imeziba vizuri.

Haikushika! Hewa ilipita kwenye paji. Nikamwambia asogeze simu karibu — na nikaona. Rasta. Nene, zimejaa mpaka usoni, mpira umekalia nywele badala ya ngozi. Hapa stoo simruhusu mtu mwenye ndevu kuingia. Mburu, msaidizi wangu, hunyoa kila Jumatatu akinung'unika kama ng'ombe mwenye kupe.

Nikasema, nyoa. Yote.

Akazishika rasta kwa mkono. Najua alichokuwa anawaza. Kwetu hunyoa aliyefiwa. Cheptoo amewahi kunyoa mara moja tu, tulipomzika baba yake.

Kogo alikuwa anasikia kutoka jikoni. Mama mkwe wangu masikio yake hayazeeki. Akatoka na mwiko mkononi, akaniuliza neno moja tu: "Anamnyolea nani?"



Ijumaa, 7 Novemba

Amenyoa! Kichwa kidogo, masikio ya babake. Nilicheka, halafu machozi yakaja bila kuitwa.

Akavaa. Akavuta pumzi — ikamshika uso mpaka vioo vikamgusa nyusi! Hewa haikuingia hata chembe. Akainua kidole gumba, akaivua akihema na kucheka. "Mathe, hii inabana vibaya! Ni kama inataka kunimeza."

Hiyo kubana ndiyo dalili nzuri, nikamwambia. Tukarudia mara kumi. Kutoka kwenye boksi mpaka usoni, sekunde nane. Watu wangu wa stoo hawafiki hapo! Na nikamwonya, kwa sauti ile ya kazini: siku yenyewe utaona inakubana, moyo utaenda mbio, utataka kuitoa. Wengi hufa hivyo, kwa kuvua mapema. Usiivue. Hata iweje, usiivue mpaka king'ora kinyamaze. Na nyanya umvalishe vile vile.

Akasema, sawa mama. Nimeshika.

Kogo hajanisemesha tangu jana.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani wamemwombea kwa jina. Kogo alipiga magoti pamoja nami. Ameanza kunisemesha, ingawa ni kuhusu chumvi tu.

Nimelala mchana kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumanne, 11 Novemba

Saa nne na dakika kumi na mbili, ujumbe: Mama king'ora. Tunavaa sasa.

Nikajibu: Vaa kama nilivyokufunza. Mungu yupo.

Tulikuwa tunaingia chini ya turubai linalofunika mahindi yaliyopigwa dawa, kupima gesi. Kazi haingoji. Mimi nilikuwa wa kuingia, Mburu wa mlangoni. Nikavaa yangu. Mburu akanyoosha mkono kama siku zote, akakizungusha kizibo cha filta yangu, akakitia mfukoni, akaandika saa kwenye mkebe kwa kalamu ya wino mzito, akanipiga bega. Ingia.

Nikabaki nikiutazama mfuko wa Mburu.

Miaka kumi na tisa. Ndiyo sheria yetu: anayeingia hagusi filta. Wa mlangoni ndiye anayetoa kizibo. Sijawahi kutoa changu mwenyewe. Hata siku moja! Kwa hivyo sikumwambia.

Nilimwambia akiache. Sikumwambia akitoe.

Niliivua nikakimbia ofisini. Nimepiga — haiingii. Nimeandika: TOA KIZIBO. Nimeandika tena. TOA KIZIBO CHA FILTA, CHAKO NA CHA NYANYA. Tiki moja. Zote tiki moja, hazijamfikia.

Mburu amesimama hapa na mimi. Anasema, "Tulia, madam. Mtu akikosa hewa ataitoa tu, si ni mwili?" Hajui nilimwambia nini Ijumaa. Hajui yule msichana huwa anatii.

Na akiitoa, kama ni sumu kweli? Na kama hakuna sumu, ni kombora la kawaida limeanguka mtaa mwingine — basi hakuna kitu kingine chumbani cha kumuua ila nilichomfundisha mimi.

Labda karatasi ya kwenye boksi imeandikwa. Labda ameisoma. Lakini kwa nini aisome, na mamake ni mtaalamu?

Saa nne na nusu. Tiki moja.

Kogo amepiga simu. Amesikia redioni. Anauliza kama Cheptoo amejibu. Nimesema, bado. 

Mburu ametoa kizibo mfukoni, amekiweka hapa mezani mbele yangu. Kidogo tu, cha plastiki nyekundu. Kwenye picha ya Jumatatu kiko vile vile, chekundu. Nilikiona nikakipita.

Nimeziba pua na mdomo kwa kiganja, nikahesabu sekunde kwa saa ya ukutani. Nimefika arobaini na moja.

Yeye ni kijana. Atafika sitini. Nahesabu tena.