Baba Alivyovuta Breki Mlima Sekenke

Mama, shikamoo. Tumefika Shelui salama, ila nusura tusifike.

Njia nzima Baba alikuwa na raha, ananionyesha alizeti zilivyochanua na kila kona aliyowahi kupita na lori lake. Tukaanza kushuka Sekenke. Hiki kigari changu cha mtumba kinatumia mafuta na betri, na kwenye mteremko injini hujizima yenyewe. Sikuwa nimemwambia. Kimya kilipoingia, Baba akashtuka: "Umezima injini?" Sijajibu, ameshavuta breki ya mkono kwa mikono miwili! Matairi yakalia, gari likakaa mshazari barabarani, na lori la nyuma likatukosa kidogo tu.

Nikangoja anifokee. Mama, Baba analia! Baba huyu huyu! Akaonyesha bondeni: "Shabani, dereva mwenzangu, aliishia pale. Alizima injini abane mafuta, breki zikagoma. Mimi nilikuwa nyuma yake, namwona."

Kumbe ndiyo maana nyumba yetu ya Walutheri ina kaka aliyepewa jina la Shabani! Nawe ulijua siku zote.

Sasa amekaa mbele ya sahani ya kuku wa kienyeji, hajamgusa. Ameniomba kila mteremko tuimbe, asisikie tena kile kimya.

Mkumbatie kaka kwa niaba yangu, lakini kadi hii ifiche. Baba anataka kumwambia mwenyewe jina lake lilikotoka.

Mwanao akupendaye,
Neema