Tundu la Ukutani

Jumatatu, 2 Julai 2018

Nimemkanda Mwanaidi kwa maji ya moto, nimemfunga tumbo, nimemwogesha mtoto. Leo siku ya kumi na mbili tangu binti yangu ajifungue. Nepi nilizoanika jana nimezikuta ngumu kama mbao, zimeganda. Nchi gani hii ya kusini inayogandisha nepi?

Sefu, mkwe wangu, aliponiambia nije na nguo nzito, nilidhani ananitania. Nikaja na koti moja. Sasa naogopa. Asubuhi pua ya mtoto ilikuwa ya baridi, na yeye mwenyewe ana uzito wa kuku. Nimetolewa Tanga nije nimlinde, halafu baridi inichukulie mjukuu mbele ya macho yangu.

Jumanne, 3 Julai

Sefu anashona suti Braamfontein. Amerudi na gunia la makapi ya vitambaa, tumeziba nyumba. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja, uani kwa mwenye nyumba, hapa Bertrams. Blanketi dirishani. Maboksi chini ya zulia. Nimeshona kifuko kirefu, nikakijaza makapi, nikakilaza kizingitini. Upepo wa mlangoni umekatika. Kazi nzuri, najisifu mwenyewe.

Hita tunawasha saa moja tu kwa siku, umeme wa kununua hauchelewi kuisha.

Sefu amesema tundu la ukutani, lile la juu karibu na dari, tuliache wazi. Hakusema kwa nini. Au alisema, mimi sikumsikiliza.

Jumatano, 4 Julai

Sefu alipotoka tu nikapanda kiti. Nimelishindilia lile tundu kanga mbili kuukuu. Upepo wake ulikuwa unamshukia mtoto utosini.

Kisha nikaingiza jiko la mkaa. Mzazi wa arobaini bila moto, mzazi gani huyo? Mama yangu alinilaza na jiko mvunguni katika uzazi wangu wote, na wanangu wote wako hai. Makaa niliyakoleza nje mpaka moshi ukaisha. Mimi si mjinga.

Chumba kimepata joto la kwetu. Mwanaidi amelala mchana kutwa. Nimefurahi mpaka nikaimba. Sefu hajarudi bado, jiko nimeshalitoa. Sijamwambia, atanisomesha.

Alhamisi, 5 Julai

Mwanaidi kichwa kinamgonga. Ametapika uji. Homa hana. Naogopa presha. Naogopa damu imempanda kichwani. Naogopa jicho la watu, walikuja wengi kumtazama mtoto.

Na mimi kichwa. Nikitoka kuanika nepi kinatulia, nikirudi ndani kinaanza. Hii ni baridi imejificha pembeni. Nimeongeza makaa.

Mtoto amenyonya mara mbili tu. Hakulia kutwa. Nimemwambia Mwanaidi una mtoto mpole. Nilisema hivyo ili asiogope. Mtoto wa siku kumi na tano hana upole. Kuna kitu kibaya humu ndani na sikijui.

Ijumaa, 6 Julai

Tuko hospitali. Ya Rabi, usinichukulie hawa wawili. Nichukue mimi.

Jumamosi, 7 Julai

Wako hai. Wote wawili.

Jana mchana Mwanaidi alilala, nikatoka kuanua nepi. Uani alikuwepo Mama Grasi, msusi kutoka Lubumbashi, tunapakana vyumba. Akaniona mikono myeusi, akauliza mkaa wa nini. Nikamweleza kwa fahari kabisa. Akaangusha chanuo.

"Mama, moto iko ndani na mulango mumefunga? Batakufa!"

Akanipita mbio. Mwanaidi tulimwita, hakuitika. Mama Grasi akamburuta kwa makwapa mpaka nje. Mimi nikambeba mtoto. Alikuwa amelegea, shingo inakwenda huku na huku. Nikampuliza usoni, nikamwita. Nikamwita tena. Nilishasema innalillahi moyoni alipokohoa, akalia.

Nesi amenieleza polepole, kama mtoto wa shule. Makaa hata yakiisha moshi yanatoa sumu, nayo haina harufu. Chumba kilichozibwa kote sumu haina pa kutokea. Jiko la mama yangu liliwaka katika nyumba ya makuti, upepo unapita juu ya kuta. Nimelileta jiko la Tanga, nyumba ya Tanga nikaiacha huko.

Sefu ameuliza nani aliziba tundu. Nikasema mimi. Akageuka kumfunika mtoto. Afadhali angefoka.

Jumatatu, 9 Julai

Wameruhusiwa. Sefu amezitoa zile kanga tunduni, kitanda tumekisogeza ukuta wa pili. Blanketi la dirishani na maboksi tumeviacha. Chupa za maji ya moto nimezivisha soksi, nimeziweka miguuni kwa mzazi. Mtoto amevaa kofia mbili. Wanasema inatosha.

Sikumkanda Mwanaidi leo. Mtoto sijamgusa tangu Ijumaa. Kila akilia namwita mama yake. Nguo zangu nimezikunja, nimezipanga begini. Nangoja waniambie niondoke, au waone haya kuniambia.

Baada ya alasiri Mwanaidi akaniita.

"Mama, naenda kuoga. Nishikie mwanao."

Akamlaza mapajani mwangu, akachukua taulo, akatoka. Bafu liko mwisho wa ua. Nilikaa bila kujitikisa, mkono kifuani kwa mtoto, nahesabu pumzi. Maji niliyasikia yakimwagika huko.

Mwanaidi hakuharakisha kurudi.