Kitanda cha Mjerumani na Adabu ya Mkwe

Jumamosi. Ukungu umetanda Mlalo tangu asubuhi, na baridi ya leo ni ile ya kuvaa soksi mbili. Moyo wangu nao ni hivyohivyo.

Leo tulikuwa na safari ya familia. Wifi yangu Anna, dada yake marehemu mume wangu, amekuja likizo kutoka Arusha na akakodi Noah ya kutupeleka Lushoto, kwenye lile jumba la mlowezi Mjerumani lililogeuzwa makumbusho. Tulikuwa yeye, Baba mkwe, Mama mkwe, mimi na mwanangu Neema. Mama alipika makande akajaza hotipoti, akabeba na peasi za shambani.

Sikuenda kuangalia jumba, niseme ukweli. Nilikwenda kuangalia kama bado nina mahali kwenye familia hii.

Baba Neema alifariki masika ya mwaka jana. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, mwalimu, nililetwa huku na ndoa. Sasa kaka yangu amenipatia nafasi kwenye shule moja Tanga na anataka jibu kesho. Hapa nyumbani sijamwambia mtu. Nilijisemea, wee, leo kaa kimya uwaangalie. Ukiona umeshakuwa mpangaji tu, funga virago.

Basi tukapanda gari. Baba mbele na dereva, mimi kiti cha nyuma kabisa kama inavyotakiwa kwa mkwe. Gari halijafika mbali, Kishambaa kikaanza. Sikisikii Kishambaa, na hilo ni kosa langu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na mkalimani. Mume wangu alikuwa akiniinamia sikioni ananitafsiria kila kitu, kwa hiyo miaka yote ya ndoa nimecheka nikiwa nyuma ya wenzangu kidogo. Wao wakimaliza, mimi ndiyo naanza. Walikuwa wakinitania kwa hilo.

Leo, tulipopita Lukozi, Mama alisimulia kitu, gari zima likaangua kicheko. Hata Baba mabega yalitikisika. Hata Neema! Nikabaki natazama makabichi yaliyopangwa barabarani. Sikio langu lilisubiri, nakwambia, lilisubiri kabisa.

Hakuna aliyeinama.

Jumba lenyewe ni zuri, siwezi kulinyima sifa. Kuta nene, ngazi pana za mawe, veranda ya kuzunguka nyumba nzima. Pale ngazini Anna akawapanga watu wapige picha, Baba na Mama katikati, Neema mbele yao. Mimi nikajitengeneza kitambaa cha kichwa. Anna akanipa simu.

"Mama Neema, tupige wewe, una mkono mzuri."

Nikawapiga. Nikawaambia wasogee, watabasamu, Neema anyanyue uso. Hakuna aliyesema njoo na wewe, dereva yupo, atatupiga. Labda hawakuwaza. Hilo la kutowaza ndilo lililoniuma.

Ndani, binti anayetembeza wageni akatupitisha sebuleni, akatuonyesha meza ya kulia chakula na gramafoni mbovu. Kisha akafungua mlango mwingine: "Karibuni, hiki ndicho chumba cha kulala." Wote wakaingia. Baba naye akaingia, kofia mkononi.

Mimi miguu ikagoma mlangoni.

Kwa wasiojua, huku mkwe wa kike hali meza moja na baba mkwe, na chumba chenye kitanda hawaingii pamoja hata iweje. Kabla ya harusi mume wangu alinifundisha haya yote, nikacheka mpaka machozi. Nilimwambia kwetu mjini tunakobanana tungekosa pa kukaa. Lakini nilijifunza, na leo nikajikuta nimesimama kwenye korido kwa ajili ya kitanda cha Mjerumani aliyekufa zamani.

"Dada, ingia tu, kiingilio ni kilekile," yule binti akanihimiza. Jamani!

Anna akacheka. "Mama Neema, acha mambo yako, hiki si kitanda cha mtu!"

Nikasema naona vizuri kutoka hapa. Uongo mtupu, nilikuwa naona pembe ya kabati. Nilisimama pale nikisikia wenzangu wanashangaa chandarua na beseni la kunawia, na nikamkasirikia mume wangu. Ndiyo, nimeandika hivyo na sifuti. Umenifundisha adabu za kwenu, umeniachia, umeondoka. Sasa namfanyia nani? Nani ananihesabia?

Nikaamua palepale. Nitamwambia kaka nakuja.

Ndipo Baba akatoka. Alijibana ukuta wa upande wa pili asinisogelee, macho chini, akanipita akaenda hadi mwisho wa veranda. Akamwita Neema. Nilisikia kila neno, maana alisema kwa Kiswahili, na yeye na Neema huongea Kishambaa siku zote.

"Mwambie mama yako aingie aone. Babu ametoka."

Neema akaja mbio kuniletea ujumbe niliokwishausikia.

Nikaingia. Kitanda chenyewe ni cha chuma, kifupi, wala hakina maajabu. Nikakitazama mpaka machozi yakanitoka, na yule binti wa makumbusho sijui alinifikiriaje. Nje ya dirisha Baba alikuwa amesimama kwenye baridi, amenipa mgongo, anasubiri nimalize. Mzee wa miguu mibovu vile. Kwa mpangaji asingetoka. Wala kwa yule binti wa makumbusho hakutoka, alipishana naye mlangoni bila wasiwasi wowote. Kwangu alitoka, kwa sababu mimi bado ni mkwe wake.

Hatujawahi kuzungumza juu ya msiba, mimi na yeye. Hatutazungumza. Nadhani leo ndiyo tumezungumza.

Kurudi, sikufurahi ghafla, msije mkadhani. Wameongea Kishambaa njia nzima, nami nimeegemea kioo kama kawaida. Jioni hii Anna ametuma picha kwenye kundi la familia. Nimezipitia zote, sipo hata kwenye moja.

Lakini nilipokuwa namvua Neema viatu nilimuuliza, hivi asubuhi pale Lukozi bibi alisema nini mkacheka vile?

"Alikuwa anamsema baba," akanijibu.

Baba yake alipokuwa mdogo alipanda lori la kabichi pale Lukozi kwa utundu wake, akapitiwa na usingizi juu ya mzigo, lori likashuka naye mpaka Mombo, kule chini tambarare. Hakuwa amewahi kutoka milimani. Akaamka kwenye lile joto, akaanza kulia na kuwaomba watu msamaha, akijua amekufa na huku ndiko motoni.

Nimecheka peke yangu, nimekaa sakafuni na kiatu cha mtoto mkononi. Nimecheka nikiwa nyuma ya wenzangu kwa siku nzima. Hii hakuwahi kunisimulia, mjanja yule! Nilidhani nimeshamaliza kupata habari zake, kumbe asubuhi alikuwa nasi ndani ya gari, wote wanamcheka, na mimi natazama makabichi.

Kesho nitampigia kaka, nimwambie nafasi ampe mwingine. Kisha nitavuka ua niende jikoni kwa Mama, nimwombe anisimulie tena ile ya Mombo. Kwa Kishambaa, polepole, na Neema akae karibu na sikio langu.