Chungu cha Waya Anyango

Jumatano, 1 Machi 1967
Vibao viwili zaidi baada ya darasa. "Chumvi ya majivu ya matete." "Mirija ya kunywea pombe." Chumba cha vitu vya kale nyuma ya ukumbi hapa Homa Bay kinaanza kupendeza. Kimebaki chungu cha pombe. Bila chungu, mirija inaning'inia ukutani kama fimbo za mchungaji wa mbuzi. Waya Anyango, dada yake baba, anacho huko Karungu. Ufunguzi ni tarehe 12.

Jumapili, 5 Machi
Karungu. Nimemkuta Waya akichuja maji kwenye majivu ili apate chumvi. Kanipa konzi moja ya maonyesho bila hata kuulizwa. Chungu, hapana. Kilikuwa cha mama mkwe wake, na mwezi ujao atapikia pombe ya kumkumbuka mumewe. Nilibembeleza hadi akachoka. "Nakuazima tu, nyathina, mwanangu. Kirudi vile kiko."
Nikaahidi. Ndani ya basi walinicheka: mwalimu Msabato kapakata chungu cha pombe!

Ijumaa, 10 Machi
Chungu kinanuka. Chumba kizima kinanuka kilabu. Jumapili pasta anakuja kuomba, yeye aliyenibatiza. Nikauona moyoni uso wake akiinama pale. Nimekisugua kwa mchanga na sabuni ya mche, mara tatu, kisha nikakiacha na maji moto ya sabuni kutwa. Nilimaliza kabla jua halijatua. Sabato imeanza nimeridhika.

Jumapili, 12 Machi
Watu wengi. Pasta akachungulia ndani ya chungu, akasifu usafi. Kichwa kikavimba.

Jumapili, 19 Machi
Nimekirudisha. Waya akaingiza pua ndani, akakaa hivyo kwa muda. Akauliza nimekiosha na nini. Nikasema maji.
Maji! Mimi ninayechapa watoto kwa kusema uongo. Niliogopa, basi. Angejua, angeazima chungu kingine kwa jirani. Nilijua hilo nikiwa bado nimesimama mlangoni kwake, na bado nikanyamaza.

Jumatano, 22 Machi
Sijamwandikia. Huenda sabuni imetoka yote. Chungu ni chungu.

Jumapili, 2 Aprili
Karungu, kwenye pombe ya kumbukumbu. Nimeona kila kitu. Wazee wameketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Shemeji yake Waya, mkubwa wa boma, ndiye wa kwanza kuvuta. Akameza kwa shida. Akaulaza mrija chini. Wa pili naye. Wa tatu akasema, "Hii kitu inanuka sabuni," na hakuna aliyecheka.
Udongo ulikuwa umeinywa sabuni yote. Wimbi aliouweka Waya tangu mavuno, kazi ya siku nyingi, ukamwagwa nyuma ya zizi. Wazee wakanywa chai, wakaondoka mapema. Mumewe hakukumbukwa jinsi alivyotaka akumbukwe.
Katika watu wote wale Waya alinitazama mimi. Nilitamani anitukane.

Jumatatu, 3 Aprili
Nimefundisha vibaya. Nimemchapa mtoto bure.

Jumapili, 16 Aprili
Nilikwenda kukiri. Nilisema yote, sabuni, pasta, uongo. Waya alisikiliza huku akimimina maji kwenye majivu, yakichujikia ndani ya chungu cha chumvi. Akasema alijua siku ile ile niliyokirudisha, harufu haikufichika. Alitumaini tu kwamba mtoto wa kaka yake hawezi kumdanganya, basi akaiamini kauli yangu kuliko pua yake.
Chungu cha pombe amenipa kiende Homa Bay, kisirudi tena. "Hapa hakina kazi tena. Kaa nacho."
Nikanyoosha mkono nimshikie chungu cha chumvi wakati anainuka. Akakihamishia upande wake wa pili, taratibu, bila hasira. Kisha akaniuliza kama nimekula.